Kupunga Upepo

Pwani upepo una majina mengi. Kuna kusi na kaskazi, kuna matlai, kuna ule wa kwenda kuupunga Raskazone jioni ukiwa na kanzu safi. Na kuna mwingine, ambao mafundi wa pikipiki huutaja wakiwa wamechuchumaa kando ya gurudumu la mbele: "Breki imeingia upepo." Mwalimu wa fizikia angesema hewa. Mimi nimekuja kuona kwamba mafundi wamelichagua neno vizuri, maana upepo na pepo ni majirani, na kilichomo ndani ya mpira wa breki kina tabia zote za pepo: hakionekani, kinajificha penye kona, na hakitoki kwa kufokewa.

Pikipiki yangu ni Yamaha XT600 ya mwaka 1986. Nyuma ina dramu, mbele ina diski. Dramu ni kiumbe mkweli. Ikichoka inapiga kelele, unakaza nati, mnaendelea na maisha. Breki za waya nazo ni hivyo hivyo: waya ukianza kuchakaa unauona unachanua nyuzi pale kwenye liva. Honda ilipoitoa CB750 mwaka 1969 na diski ya mbele inayosukumwa na maji ya breki, waendeshaji wa kawaida walipata nguvu ya kusimama ambayo hawakuwa nayo kabla, lakini walipokea pia kitu kinachozeeka kimyakimya.

Mimi nilikifahamu kimya hicho nikishuka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Ni kona juu ya kona, mlima upande huu, bonde upande ule. Nilikuwa nimeshaipita Soni, niko nyuma ya Fuso la kabichi, nashika breki ya mbele kila kona kwa uvivu tu wa kutopunguza gia. Kwenye kona moja liva ikaja. Haikukatika wala haikulia. Ilikuja laini, kama mgeni aliyekaribishwa, ikagusa gripu. Nikashusha gia mbili, nikakanyaga dramu kwa nguvu zote, nikaishia kwenye changarawe pembeni huku kabichi zikitokomea zake. Baada ya nusu saa nikaijaribu tena: ngumu, imara, kana kwamba hakuna lililotokea. Hapo ndipo niliogopa kweli.

Fundi wangu yuko Ngamiani, Tanga. Ni mzee aliyeanzia kwenye malori, akahamia kwenye pikipiki mgongo ulipoanza kumdai. Kabla ya kugusa kitu chochote alitandika kitambaa chenye maji juu ya tangi. Akafuta vumbi kwenye kifuniko cha masta silinda, akaweka bisibisi juu ya skrubu na kuipiga kofi dogo la nyundo, maana skrubu hizo zikikaa miaka mingi huvimba kwa kutu na vichwa vyake huliwa ukizilazimisha. Alipofungua, akachungulia, akaniita.

"Mwanangu, hii ni kahawa. Tungepata na kashata."

Maji ya breki yakiwa mapya yana rangi ya asali nyepesi. Yangu yalikuwa meusi. Tumezoea kuyaita mafuta ya breki, na jina hilo limeharibu breki nyingi, kwa sababu mtu akisikia mafuta anadhani oili yoyote itafaa. Duka moja liliwahi kuniuzia chupa ya oili ya usukani wa gari na kuniapia kwamba ni kitu kilekile. Ukiitia hiyo, sili za ndani zinavimba kama maandazi na breki inang'ang'ania. Haya ya breki si mafuta kabisa. Yanachanganyika na maji, tena yanayatamani: huvuta unyevu polepole, kupitia hata kwenye mpira wenyewe, mwaka baada ya mwaka, pikipiki ikitembea au ikilala bandani. Na Tanga unyevu hauna uhaba. Ndiyo maana watengenezaji wengi husema yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, hata kama hujaenda popote.

DOT 4, daraja mojawapo la maji ya breki, ikiwa mpya haitakiwi kuchemka chini ya nyuzi 230. Ikishakunywa maji kiasi cha asilimia tatu nukta saba, kiwango hicho kinashuka hadi 155. Mteremko mrefu na mkono mvivu vinatosha kuifikisha hapo. Inachemka ndani ya kalipa, inatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Kazi yote ya breki inategemea kimiminika kutobonyea: unasukuma pistoni nyembamba huku juu, shinikizo linasafiri lilivyo, linaikuta pistoni pana huko chini. Pascal alilieleza hilo karne ya 17. Tia povu la ukubwa wa punje ya dengu katikati na vidole vyako vinafanya kazi ya kulibana povu. Ikipoa, mvuke unarudi kuwa maji, na shahidi ametoweka.

Namba za kwenye chupa nazo zina hila. DOT 3, 4 na 5.1 ni ukoo mmoja. DOT 5, bila ile nukta moja, ni silikoni, mgeni asiyechanganyika nao.

Mzee alianza na kalipa. Akaisukuma pistoni nje, akachomoa sili kwa kijiti cha mti, si kwa bisibisi, ili asikwaruze njia yake. Akaniwekea ile raba kiganjani. Ni pete ya kona nne, na ndiyo iliyoniteka. Breki ya diski haina springi ya kuvuta pistoni nyuma. Ukishika, pistoni inakwenda mbele na pete hii inajipinda nayo kidogo sana; ukiachia, inajinyoosha na kuirudisha. Nafasi ile ndogo kati ya pedi na diski, inayoliacha gurudumu lizunguke, inatoka kwenye kujinyoosha kwa raba.

Kisha ikaja kazi ya watu wawili. Spana ya namba nane kwenye nipo, mrija mweupe juu yake, ncha ya mrija ikizama kwenye chupa. Yeye chini, mimi juu.

"Pampu."

"Napampu."

"Shika. Usiachie!"

"Nimeshika."

Robo mzunguko, liva inazama, mapovu yanakimbia kwenye mrija, anafunga. "Achia." Ukiachia kabla hajafunga, umevuta upepo uleule uliokuwa unautoa, na mzee hatukani ila anapumua kwa nguvu puani. Mimi vilevile ndiye niliyekuwa natazama kikombe cha juu kisikauke. Tulifika mahali tukawa hatuongei tena, pumzi tu.

Bado liva ilikuwa na ulaini mwishoni. Pepo wa pwani hapandi kichwani bila ngoma yake, na mzee alikuwa na ngoma: mpini wa bisibisi, akigonga mpira wa breki kuanzia chini, taratibu, akisimama zaidi pale unapopinda karibu na masta. Povu hupenda kupanda, ila hujishika kwenye kuta. Kila nilipoigusa liva kidogo tu, kipovu kimoja kilitokeza kwenye kikombe, chembamba kuliko kichwa cha pini. Kisha kingine. Kisha hakuna.

Akaifunga liva kwenye gripu kwa kipande cha tyubu, akasema tukutane kesho.

Asubuhi niliwahi kabla hajanywa chai. Akakata tyubu kwa kisu. Nikashika. Liva ilitembea upana wa kidole, ikasimama kama imekuta ukuta. Nikarudia, nikarudia tena. Mzee hakuitazama pikipiki, alikuwa anapangusa spana. Nilipotaka kuondoka akaninyooshea ile chupa nyeusi ya jana.

"Na kahawa yako nenda nayo. Usije ukaimwaga kwenye mchicha wa watu."