Chupa Irudiyo na Taka Isiyorudi

Atakaye kuelewa kwa nini usafi wa mji wa Bujumbura umekuwa jambo la gharama, asianzie kwenye jaa la Buterere, bali aingie kwanza katika duka lolote la vinywaji pale mtaani Rohero, akatazame jinsi kreti za chupa tupu zinavyohesabiwa kabla ya zile zilizojaa kutolewa. Maana katika hesabu ile fupi mna maarifa mengi ya kurejesha taka kuliko yaliyomo katika maazimio mengi ya manispaa.

Kampuni ya Brarudi, iliyoasisiwa mwaka 1955, zama mji huu ungali ukiitwa Usumbura, huuza bia zake za Primus na Amstel katika chupa za kioo ambazo mnywaji hazimiliki, kwani anunuacho ni kinywaji, na chupa huazimwa tu. Asiyekuja na chupa tupu sharti aweke thamani ya kioo juu ya bei ya bia, na dhamana hiyo, ndogo kwa tajiri lakini si haba kwa kijana apitaye mitaani akiokota, ndiyo inayoifanya chupa iliyosahauliwa chini ya meza isilale hapo hata usiku mmoja. Gari lililoleta kreti zilizojaa haliondoki tupu, bali hupakia zile zilizokwisha kunywewa na kuzirudisha kiwandani, zikaoshwe kwa maji moto na dawa kali, zikaguliwe, zijazwe tena. Basi safari moja yalipwa na mizigo miwili. Tena gharama yote imekwisha kutiwa ndani ya bei tangu mwanzo, wala hapana mtoza ushuru anayebisha hodi kwa mtu mwisho wa mwezi.

Taka za nyumbani zimepangwa kinyume cha hayo yote. Kwa miaka mingi usafi wa mji ulikuwa dhima ya SETEMU, idara ya kazi za ufundi ya manispaa. Nao mzigo wa kuzizoa taka majumbani umebebwa zaidi na jumuiya binafsi, ambazo kila nyumba huzilipa ada ya mwezi. Lori huja Rohero tupu na kwenda Buterere, kaskazini ya mji karibu na uwanja wa ndege, likiwa limejaa, kisha hurudi tupu tena, hata mafuta ya nusu ya safari yake huungua pasipo kubeba kitu. Na katika nchi ambayo miaka hii ya karibuni imeonja uhaba mkali wa mafuta, magari yakipanga foleni kwenye vituo, hasara hiyo si ya kudharauliwa. Na hicho kibebwacho ni nini? Aghalabu ni maganda ya ndizi, majani ya mihogo, mabaki ya jikoni, vitu ambavyo sehemu kubwa ya uzito wake ni maji. Kwa hakika, mji wetu hulipa nauli ya kusafirisha maji kwa lori, ilhali maganda hayo hayo, lau yangetengwa na kufukiwa shimoni, yangekuwa mbolea baada ya miezi michache.

Chuma na alumini havina shida hiyo, kwa kuwa mafundi wa mtaa wa Buyenzi wana haja navyo, na sufuria iliyotoboka huyeyushwa ikawa sufuria nyingine. Plastiki ndiyo yatima. Serikali iliona hivyo ilipotoa amri ya tarehe 8 Agosti 2018 ya kupiga marufuku mifuko na vifungashio vya plastiki, ikawapa wafanyabiashara muhula wa miezi 18, na marufuku ikashika mwezi wa Februari 2020. Ilikuwa hatua njema, walakini chupa ya maji ya plastiki, ambayo haina dhamana wala fundi aitakaye, ingali ikitupwa mtaroni, na mvua za masika huisukuma hadi katika mto Ntahangwa na kutoka humo hadi Ziwa Tanganyika, ambamo shirika la maji, REGIDESO, huteka maji ya kunywa ya mji huu huu. Gharama haikuepukwa, imehamishiwa bombani.

Tangu 2015, Rohero, iliyokuwa komini yenye mamlaka yake, imekuwa zoni ndani ya komini ya Mukaza, na kila inapozuka shida ya taka husikika rai ya kuongeza ada. Mimi siioni faida ya kuongeza ada juu ya mpango ambao lori lake husafiri tupu nusu ya njia. Wakuu wa Mukaza na waanze na jambo jepesi: chupa ya plastiki iwekewe dhamana kama ya kioo, irudishwe katika duka lile lile ilikonunuliwa, na ichukuliwe na gari lile lile lililoileta, maana duka lipo, gari lipo, na watu wa Rohero wameizoea hesabu hiyo tangu enzi ya Usumbura.