Wasomaji wa Matope ya Rwenzori

Ziwa Bujuku liko karibu mita 3,900 juu ya usawa wa bahari, limebanwa kati ya milima ya Stanley, Speke na Baker, upande wa Uganda wa safu ya Rwenzori. Barabara haifiki huko. Kutoka Nyakalengija ni mwendo wa miguu tu: kwanza msitu, kisha mianzi, kisha vinamasi ambavyo gambuti huzama humo hadi magotini. Kiwanda hakuna, mgodi hakuna, wala shamba. Na bado matope yaliyolala chini ya maziwa ya milima hii yana zebaki, na ya tabaka za juu imezidi ile ya tabaka za chini.

Imetoka wapi? Washukiwa ni wengi. Mgodi wa shaba wa Kilembe uko miguuni mwa safu hiyohiyo, ukachimbwa kwa nguvu tangu miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kusini zaidi ziko volkano za Virunga, Nyiragongo na Nyamulagira, na volkano hupumua zebaki. Barafu ya kileleni inayeyuka na kuachia yote iliyoyashikilia: mwaka 1906, Luigi Amedeo wa Italia alipovipanda vilele hivi, ilifunika zaidi ya kilomita sita za mraba, kufikia 2003 haikutimia hata kilomita moja. Mwamba nao una zebaki yake ya asili. Kila kiangazi moto hupita kwenye nyika. Wachenjuaji wa dhahabu, kuanzia Kongo hadi Geita na Chunya huko Tanzania, huchoma zebaki kwenye makarai. Halafu kuna makaa ya mawe yanayochomwa mbali kabisa, katika nchi ambazo wenyeji wa milima hii hawatazifikia maishani.

Mwenye pupa angemchagua mmoja kati ya hao, huenda Kilembe kwa kuwa ndio ulio jirani, akaandika ripoti yake na kulala usingizi. Watu ninaotaka kuwasifu hapa hawafanyi hivyo. Ni mafundi wa kusoma matope ya maziwa, na sehemu kubwa ya ufundi wao ni kukataa kumtaja mkosaji mpaka kila mwingine awe ameondolewa kwa ushahidi.

Rwenzori ni shamba lao la zamani. Daniel Livingstone (si yule mmisionari) alikuwa mwanaikolojia wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani. Mwaka 1955 alichapisha maelezo ya chombo chepesi cha kuchotea matope ya ziwani: bomba lenye pistoni ndani, linalosukumwa chini kwa vyuma vilivyoungwa kimoja baada ya kingine. Kwa chombo cha namna hiyo alichota tope la Ziwa Mahoma, humohumo Rwenzori, na mwaka 1967 akachapisha historia ya mimea ya milima hiyo, iliyosomwa kutoka kwenye chavua zilizozama tangu barafu ya kale iliporudi nyuma. Uzuri wa chombo chake ni kwamba kilibebeka. Mashine nzito haina maana mahali ambapo kila kilo hupandishwa na mpagazi Mkonzo kwenye utelezi, na sijawahi kuona ripoti ya kisayansi iliyomshukuru mpagazi huyo kwa kadiri anayostahili.

Anayetafuta zebaki ya miaka mia na hamsini iliyopita haendi chini sana. Anachokihitaji ni nusu mita ya juu, au pungufu ya hapo, na hapo ndipo kazi inapokuwa ngumu kuliko inavyoonekana. Tope la juu kabisa si tope hasa. Ni uji mwepesi unaotawanyika ukiguswa. Fundi hupuliza boti ya mpira ufukweni, hupiga makasia hadi penye kina, huifunga boti isiyumbe, kisha hushusha bomba la plastiki angavu lenye uzito juu yake. Mita za mwisho hushushwa taratibu sana. Likienda kasi, maji yaliyo mbele ya mdomo wa bomba huusukuma ule uji pembeni kabla bomba halijaufikia, na uji huo ndio miaka ya karibuni, miaka yenyewe inayoulizwa. Chini huko hakuonekani kitu. Kinachojulisha ni kamba mkononi: uzito unapungua, kamba inalegea, na mtu anajua bomba limeingia.

Kisha bomba hupandishwa wima, na kizibo hutiwa chini yake likiwa bado ndani ya maji, maana likitoka kabla ya kuzibwa tope lote hudondoka. Sasa hutazamwa maji yaliyobaki juu ya tope ndani ya bomba. Yakiwa maangavu, na mpaka kati ya maji na tope umenyooka, kazi imefaulu. Yakiwa machafu, yote humwagwa na boti husogea kidogo, hata kama mvua inanyesha na vidole vimekufa ganzi. Kule mvua hainyeshi kwa vipindi, inanyesha tu.

Kukata hufanyika ufukweni siku hiyohiyo, kwa sababu tope likitikiswa njiani, tabaka za juu huchanganyika na historia yote huvurugika. Bomba husimamishwa juu ya fimbo yenye kichwa kinacholingana na tundu lake. Likisukumwa chini, tope huchomoza juu nusu sentimita. Nusu sentimita hiyo hukatwa kwa bapa la plastiki. Chuma hakitumiki. Halafu fundi hufanya jambo ambalo mtazamaji angeliona ni upotevu: hukimenya kila kipande ukingo wake wa nje, kama mtu anayemenya muhogo, akautupa. Ukingo huo umesuguana na ukuta wa bomba wakati likishuka, na ukuta umeburuta tope jipya kuelekea chini. Asipoumenya, zebaki ya jana itaonekana imefika kwa mababu. Kilichobaki huingia kwenye mfuko wenye namba. Nusu sentimita nyingine. Mfuko mwingine. Hivyo mpaka bomba liishe.

Wanapochukua sampuli za maji ya ziwa, masharti huzidi kuwa makali. Wawili hugawana kazi kwa kanuni inayoitwa mikono safi na mikono michafu. Mwenye mikono michafu hushika boti, kamba, mifuko ya nje na kila kitu kilichogusana na dunia. Mwenye mikono safi hagusi chochote isipokuwa mfuko wa ndani na chupa yenyewe, iliyooshwa kwa asidi na kufungwa ndani ya mifuko miwili. Mwongozo wa wakala wa mazingira wa Marekani huonya hata kuhusu meno: mwenye meno yaliyozibwa kwa mchanganyiko wa zebaki asipumue kuelekea kwenye sampuli. Nilipoisoma kanuni hiyo kwa mara ya kwanza nilidhani ni mzaha. Si mzaha, kwa sababu zebaki inayotafutwa kwenye maji safi ya mlimani huwa ni kiasi cha sehemu moja ya bilioni ya gramu katika lita, au pungufu.

Maabara huanza na swali la umri. Hewani kuna gesi ya radoni inayotoka ardhini, na inapooza huzaa risasi-210, ambayo hushuka na mvua na kuzikwa kwenye tope. Nusu yake hutoweka kila baada ya miaka 22 na kidogo. Kwa kupima kilichobaki katika kila kipande, fundi huhesabu mwaka ambao tope hilo lilitua, hadi kama miaka 150 nyuma. Zaidi ya hapo kinachobaki ni kidogo mno kuhesabika. Katika nchi za kaskazini kuna alama ya kuhakikishia hesabu hiyo: sesiamu-137 iliyotokana na majaribio ya mabomu ya nyuklia, ambayo kilele chake ni 1963. Karibu na Ikweta alama hiyo ni dhaifu, kwa hiyo fundi wa Rwenzori hufanya kazi bila nguzo ambayo mwenzake wa Uskoti anaiegemea.

Ndipo zebaki hupimwa. Tope lililokaushwa huyeyushwa kwa asidi, zebaki yake hugeuzwa kuwa mvuke, na mvuke huo hupitishwa juu ya dhahabu, ambayo huunasa. Dhahabu ikipashwa moto, zebaki huachiliwa mara moja na kusomwa kwa mwanga. Wachenjuaji wa Chunya humwaga zebaki ili inase dhahabu. Maabara hutandika dhahabu ili inase zebaki. Urafiki wa metali hizo mbili ni uleule.

Hata hivyo namba ikishapatikana, fundi hodari bado haiamini. Mvua kubwa ikiporomosha udongo mwingi ziwani, zebaki katika gramu ya tope itaonekana imepungua ingawa iliyoingia ni ileile. Kwa hiyo hesabu hufanywa kwa kiasi kilichotua katika kila mita ya mraba kila mwaka. Na kwa kuwa tope huteleza kukusanyika penye kina, bomba moja kutoka katikati ya ziwa hutia chumvi.

Njia ya kuitenga zebaki ya hewani iliyonivutia kuliko zote ni ile iliyochapishwa mwaka 1992 na kundi la Edward Swain na Daniel Engstrom, katika maziwa saba ya Minnesota na Wisconsin, Marekani, yasiyo na mto mkubwa unaoingia. Kila ziwa hupokea zebaki ya aina mbili: inayotua moja kwa moja juu ya maji, na inayotua kwenye miteremko kisha ikasombwa. Wakapanga maziwa yao kwa ukubwa wa miteremko ukilinganishwa na ukubwa wa ziwa. Miteremko ikizidi, zebaki huzidi, na nukta zote zikalala karibu na mstari mmoja. Wakaurefusha mstari huo nyuma mpaka mahali ambapo miteremko ni sifuri, yaani ziwa lisilo na nchi kavu, ambalo halipo duniani. Namba iliyopatikana hapo ni ya hewa peke yake: mikrogramu 3.7 kwa kila mita ya mraba kwa mwaka zamani, na 12.5 katika zama zao. Kwa mstari wa rula waliutenganisha mlima na anga.

Sasa washukiwa huanza kuondoka mmoja mmoja. Volkano huacha tabaka la majivu na ongezeko la ghafla linaloshuka tena, si kupanda polepole kwa miaka mia. Mwamba ukimomonyoka huja na titaniamu, kwa hiyo zebaki inayopanda huku titaniamu imetulia haikutoka kwenye mwamba. Kilembe ungekuja na shaba na kobalti zake. Makaa ya mawe na mafuta mazito yakiungua kwa joto kali hutoa chembe za masizi za mviringo ambazo hakuna chanzo cha asili kinachozitengeneza. Neil Rose wa University College London ametumia miaka mingi kuzihesabu kwa darubini, moja moja, katika matope ya maziwa ya mabara mbalimbali.

Mwaka 2010 Handong Yang, Engstrom na Rose walichapisha waliyoyasoma katika maziwa ya Rwenzori. Tangu katikati ya karne ya 19, zebaki inayotua huko imeongezeka kwa kadiri ya mara tatu. Ndiyo kadiri ya Minnesota. Zebaki ikiwa gesi huweza kukaa angani miezi mingi, ikaizunguka dunia, ndipo ishuke na mvua penye baridi. Na kilele cha Rwenzori kina mvua na baridi vya kutosha. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanasema shughuli za binadamu zilimwaga hewani tani zipatazo 2,220 mwaka 2015, asilimia 38 kutoka kwa wachimbaji wadogo wa dhahabu na 21 kutoka kwenye makaa ya mawe yanayochomwa kwenye mitambo. Mchenjuaji wa Geita na mtambo wa ng'ambo wote wamo kwenye bomba lile la plastiki, na tope halibagui jirani na mgeni.

Kuisoma zebaki hiyo kwa undani zaidi kunahitaji chombo kingine. Zebaki ina isotopu saba zisizooza, na mwanga wa jua huzichezea zile za namba witiri kwa namna isiyozipata za namba shufwa, hivyo iliyoshuka na mvua na iliyovutwa na majani haziji na uwiano mmoja. Mashine za kupima tofauti hizo ndogo zimeenea karne hii tu. Mafundi wa matope walishajizoesha kutotumia sampuli yote: baada ya kupima, unga unaobaki hurudishwa kichupani na namba yake, ukasubiri maabarani mashine ambayo haijabuniwa.