Mchezaji hanunuliwi, husajiliwa: Msamiati wa soko la soka unavyotupotosha

Kila Januari na kila Agosti, lugha ya mashabiki wa soka hubadilika. Mechi huwekwa kando kidogo, mazungumzo yakawa ya pesa. Keti katika hoteli yoyote yenye runinga sokoni Kibirichia, katika eneo bunge la Buuri, Kaunti ya Meru, nawe utasikia kauli kama hizi: “Huyu anakula mshahara wa bure, tumuuze.” “Tununue namba tisa, hiyo tu.” “Yule tulimchukua kwa mkopo, arudishwe kwao.” Anayesema hivyo hana hisa hata moja katika klabu hiyo ya Uingereza, lakini nafsi ya kwanza wingi inamtoka bila kusita: tu-muuze, tu-nunue, tu-limchukua.

Sina ugomvi na hiyo ‘tu-’. Ushabiki bila ‘sisi’ ni utazamaji tu. Ninachotaka kuhakiki leo ni vitenzi vinavyofuata kiambishi hicho: kununua, kuuza na kukopa. Vitenzi hivi vimetoka mezani pa mashabiki vikapanda hadi kwenye vichwa vya habari, redioni na hata katika insha za wanafunzi. Dai langu ni kwamba havisemi kinachotendeka, na kwamba kosa hilo si la mapambo ya lugha tu. Lina mtu linayemuumiza.

Mwanafunzi wa sekondari nchini Kenya hufunzwa katika isimujamii kwamba michezo ina sajili yake: msamiati maalumu, sentensi fupi, chuku, kuchanganya ndimi. Akiulizwa katika mtihani aitambue, ataandika ‘kipa’, ‘mpira wa kona’, ‘kadi nyekundu’. Lakini kuna sajili ndogo ndani ya sajili hiyo, yaani lugha ya soko la wachezaji, ambayo vitabu vyetu havijaishughulikia sana. Hapo ndipo utakuta ‘dirisha la uhamisho’, ‘mchezaji huru’, ‘kutemwa’, ‘kumezewa mate’, ‘kusugua benchi’ na ‘kuvunja benki’.

Baadhi ya maneno hayo ni mazuri. ‘Kusugua benchi’ ni picha kamili, haihitaji maelezo. ‘Dirisha’ nalo, ingawa limeigwa kutoka Kiingereza, limetulia vizuri katika Kiswahili kwa sababu tayari tulikuwa na dirisha la kukatia tikiti, ambalo hufunguliwa kwa saa maalumu kisha likafungwa hata kama foleni haijaisha. Watanzania wamelipokea hadi wakalizalia ‘dirisha dogo’, yaani kipindi cha katikati ya msimu. ‘Kuvunja benki’, kwa upande mwingine, ni tafsiri sisisi isiyo na maana. Msikilizaji asiyejua Kiingereza atadhani klabu imefanya wizi wa mabavu. Kiswahili kina ‘kumwaga pesa’, ‘kufungua mkoba’ na ‘kuweka mezani kitita’. Kwa nini tuvunje benki?

Hayo ni madogo. Turudi kwenye ‘kununua’.

Mtu wa Kibirichia hahitaji kufafanuliwa kununua ni nini. Hilo ni eneo la viazi, au waru kama wanavyoitwa huko. Lori linafika, bei inatajwa na kubishaniwa, gunia linapimwa, pesa zinatolewa. Pesa zikishapokelewa, uhusiano umekwisha. Kiazi hakiulizwi kama kinataka kwenda Nairobi au Mombasa. Muhimu zaidi, kiazi hakidai kitu mwisho wa mwezi. Hiyo ndiyo maana ya msingi ya kitenzi ‘nunua’: kutoa thamani, kupata umiliki, kumaliza deni.

Sasa tazama kinachofanyika mchezaji anapohama. Klabu ya kwanza ina mkataba naye ambao haujaisha. Klabu ya pili hulipa ada ili mkataba huo uvunjwe kabla ya wakati na usajili wake uhamishwe. Kisha huketi na mchezaji mwenyewe, wakakubaliana mshahara na muda, naye akatia sahihi. Asipotia, hakuna uhamisho, hata kama klabu mbili zimeshapeana mikono. Na siku anayotia sahihi ndiyo siku deni linapoanza, kwa maana mwajiri mpya atamlipa kila mwezi hadi mkataba uishe. Kununua humaliza deni. Kusajili huanzisha deni. Vitenzi viwili hivi vinaelekea pande tofauti kabisa, ilhali tunavitumia kana kwamba ni visawe.

Hata wahasibu wa klabu kubwa wanalijua hilo. Chelsea ilipomchukua Enzo Fernández kutoka Benfica mwanzoni mwa 2023 kwa ada iliyoripotiwa kuwa pauni milioni 106.8, ilimpa mkataba wa miaka minane na nusu, na hesabu za ada hiyo zikagawanywa kwa miaka ya mkataba. Kinachoandikwa katika vitabu vya hesabu kama mali ya klabu ni usajili wa mchezaji, si mchezaji. Mkataba ukiisha, thamani hiyo inafika sufuri, ingawa mtu mwenyewe bado anatembea na miguu yake ni mizima. Mashabiki wetu wamelazimika kujifunza hesabu hizi tangu Everton ilipopokonywa alama 10 mnamo Novemba 2023, zikapunguzwa hadi 6 baada ya rufaa, kwa kupitisha kiwango cha hasara kinachoruhusiwa katika Ligi Kuu ya Uingereza. Shabiki anayeweza kukueleza hesabu hiyo hawezi kushindwa na tofauti ya nunua na sajili.

Kisarufi, ubaya wa ‘nunua’ na ‘uza’ ni kwamba humfanya mchezaji kuwa yambwa tu. “Celtic ilimuuza Wanyama kwa Southampton.” Katika sentensi hiyo Victor Wanyama hafanyi lolote, anafanyiwa. Sema badala yake: “Wanyama alihama Celtic akajiunga na Southampton mwaka wa 2013.” Tukio ni lile lile, ila sasa Mkenya wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza amekuwa mtenda katika sentensi inayomhusu yeye mwenyewe. Nduguye, McDonald Mariga, anatupa mfano mwingine. Mwanzoni mwa 2010 Manchester City ilikuwa tayari kulipa ili imtoe Parma, lakini kibali cha kazi kikakosekana na mpango ukaanguka. Akaenda Inter Milan, na mwezi Mei mwaka huo huo alikuwa katika kikosi kilichotwaa Ligi ya Mabingwa. Bidhaa haihitaji kibali cha kazi. Mfanyakazi ndiye anayekihitaji.

Mgogoro huu wa neno si wetu pekee, wala si wa soka pekee. Katika besiboli ya Marekani, kwa miongo mingi klabu ilimshikilia mchezaji hata baada ya mkataba wake kuisha. Mwaka wa 1969 Curt Flood, mchezaji Mweusi wa St. Louis Cardinals, aliambiwa kwamba amebadilishwa na wachezaji wengine na sasa ni wa Philadelphia Phillies. Alikataa. Alimwandikia mkuu wa ligi akisema kwamba yeye si mali ya kununuliwa na kuuzwa pasipo kujali matakwa yake. Alishindwa katika Mahakama ya Juu mwaka wa 1972, na maisha yake ya uchezaji yakaharibika, lakini kufikia mwisho wa 1975 msuluhishi aliwapa wachezaji wengine wawili uhuru aliokuwa akiupigania. Huku Ulaya, Jean-Marc Bosman wa RFC Liège alipata ushindi kama huo mahakamani tarehe 15 Desemba 1995. Ndiyo maana leo tuna ‘mchezaji huru’. Watu hao wawili walikwenda mahakamani kupinga kile ambacho kitenzi ‘nunua’ kinadai.

Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wake wa pekee. ‘Kununua mtu’ si sitiari iliyobuniwa na waandishi wa michezo. Katika pwani yetu maneno hayo yalikuwa na maana yake halisi hadi soko la watumwa la Zanzibar lilipofungwa mwaka wa 1873. Lugha yetu ikajifunza kuwa makini pale pesa zinapopita mikononi na mtu akahama kwao. Bwana arusi hutoa mahari, hasemi amenunua mke, na akithubutu kusema hivyo mbele ya wakwe ataambiwa aondoke. Mwenye shamba huajiri kibarua. Mwenye safari hukodi gari pamoja na dereva, lakini dereva hamnunui. Vitenzi vipo tele.

Nije kwa ‘mkopo’. Hapa kosa ni la maana tupu. Kiswahili kinatofautisha kukopa na kuazima. Ukikopa kibaba cha unga kwa jirani, ule unga utauliwa ugali, nawe utarudisha unga mwingine. Ukiazima jembe, utarudisha jembe lile lile. Mchezaji anayekwenda klabu nyingine kwa msimu mmoja hurudi yeye mwenyewe, harudishwi mwingine wa thamani sawa. Michael Olunga alipoichezea Girona ya Uhispania msimu wa 2017/18, akafunga mabao matatu katika mechi moja dhidi ya Las Palmas, alikuwa bado mchezaji wa Guizhou Zhicheng ya Uchina. Girona ilimwazima. Isingeweza kumkopa. Najua ‘azima’ nalo ni neno la vyombo na vitu, lakini angalau linabeba wazo kwamba atarudi jinsi alivyo, na kwamba aliyemwazima anawajibika kumtunza.

Wapo watakaosema ninachosha watu. Hoja yao ya kwanza ni kwamba hii ni sitiari, na shabiki wa Kibirichia anajua fika kwamba hakuna mtu aliyeuzwa. Kweli. Mtaani kila mtu aseme apendavyo, na hoteli si darasa. Hoja yao ya pili ni nzito zaidi: kwamba ‘sajili’ ni neno la kiofisi, kavu, linaloficha biashara kubwa iliyo nyuma ya soka, na kwamba ‘nunua’ angalau linasema ukweli kuhusu pesa. Hoja hii naiheshimu. Neno la adabu linaweza kutumiwa kufunika jambo lisilo na adabu. Lakini dawa ya hilo ni kutaja pesa waziwazi: “Klabu imemsajili kwa ada ya shilingi kadhaa, mshahara kadhaa, miaka mitatu.” Sentensi hiyo inafichua zaidi ya “klabu imemnunua”, kwa sababu inataja mshahara.

Na mshahara ndio kiini cha makala haya. Kwa Arsenal au Chelsea, tofauti ya maneno haya ni ya nadharia, kwa kuwa mishahara ya huko hulipwa. Kwa ligi yetu si nadharia. SportPesa ilipojiondoa kama mfadhili mwaka wa 2019, Gor Mahia na AFC Leopards zilibaki na wachezaji waliokuwa na mikataba na bila chanzo cha uhakika cha kuwalipa. Katika miaka iliyofuata, klabu zote mbili kwa nyakati tofauti zilizuiwa na FIFA kusajili wachezaji wapya kwa sababu ya madeni ya waliokuwa wachezaji na makocha wao. Angalia neno la adhabu yenyewe: kuzuiwa kusajili. Sheria haimtambui mnunuzi, inamtambua mwajiri asiyelipa.

Sasa sikiliza mazungumzo yetu dirisha linapofunguliwa nyumbani. “Wamenunua nani?” Jina likitajwa, tunashangilia au tunaguna, na mjadala umekwisha kama biashara ya gunia. Ni nadra mtu kuuliza: atalipwa na nani, kwa muda gani, na waliosajiliwa mwaka jana wamelipwa? Kitenzi tulichokichagua hakina nafasi ya swali hilo. Kijana kutoka Buuri anayeota kuchezea klabu ya Nairobi anakua akisikia kwamba kilele cha mafanikio ni ‘kununuliwa’. Hajasikia mtu akimwambia asome mkataba kabla ya kutia sahihi. Aliyenunuliwa anashukuru tu kwamba amechaguliwa. Aliyesajiliwa ana karatasi mkononi, na karatasi hiyo inaweza kufika mbele ya FIFA.

Kwa hivyo pendekezo langu si kubwa. Wahariri na watangazaji watumie ‘sajili’, ‘hama’, ‘jiunga’ na ‘tia sahihi’ pale wanapomzungumzia mchezaji, na neno ‘ada’ pale wanapozungumzia pesa za klabu kwa klabu. Waandike ‘azima’ badala ya ‘chukua kwa mkopo’. Watanzania wametutangulia: kwao msimu huu unaitwa msimu wa usajili, na hakuna shabiki wa Simba au Yanga aliyepunguziwa utamu wa ubishi kwa sababu hiyo. Walimu nao wanaofundisha sajili ya michezo wawape wanafunzi kichwa kimoja cha habari cha Januari na kuwauliza: katika sentensi hii, nani ametenda, na nani anadaiwa?

Mashabiki mezani waendelee na ‘tu-’ yao. Ila wakisema “tumemsajili”, basi waulize pia kama tumemlipa.