Unyoya au Ukingo? Istilahi za Maski katika Uhuishaji

Katika programu za uhuishaji, maski ni picha ya weupe na weusi iwekwayo juu ya picha nyingine ili kuamua sehemu ipi ionekane na ipi ifichike. Penye weupe picha huonekana, penye weusi hufichika, na penye kijivu huonekana nusunusu. Aghalabu kila nukta hupewa thamani kati ya 0 na 255. Thamani zikiruka ghafla, ukingo huwa mkali kama uliokatwa kwa mkasi. Zikipanda taratibu, ukingo hufifia, na mwanga wa kibatari huungana na giza bila mshono.

Mfasiri atafutaye neno la Kiswahili huvutwa na barakoa au kinyago. Barakoa ni kifuniko cha uso cha wanawake wa Unguja na Omani, na tangu 2020 jina hilo limezoeleka kwa kitambaa cha kujikinga na UVIKO-19. Kazi yake ni kuziba, haina kijivu. Kinyago nacho huleta fikra ya uso wa kuchongwa. Hata hivyo, huko huko Maniema, katika chama cha bwami cha Warega, vinyago vidogo vilivyopakwa udongo mweupe viliweza kushikwa mkononi au kutundikwa kwenye ua badala ya kuvaliwa usoni, jambo lililochunguzwa kwa kina na Daniel Biebuyck. Mfano huo unapendeza, ila nao hauufikii ukingo.

Na ukingo ndio wenye tatizo kubwa. Kiingereza huita kuufifisha kwa jina la unyoya. Tafsiri sisisi hutoa "kutia unyoya", na msomaji hudhani ndege anatafutwa. Achukuliwe mwanafunzi wa Lusangi, katika nchi ya Kasongo na Kabambare. Kiswahili cha huko kilienezwa na misafara ya karne ya 19, lakini lugha ya shule ya juu ni Kifaransa. Akifungua After Effects ya Kifaransa hakuti unyoya wowote. Hukuta maneno yenye maana ya ukingo uendao hatua kwa hatua. "Unyoya" utamfaa mwenzake wa Nairobi tu, tena si kwa Kiswahili chake bali kwa Kiingereza chake.

Kwa hiyo "maski" na libaki, kwa kuwa Kiingereza na Kifaransa vinalishiriki, na kitendo kiitwe "kufifisha ukingo". Pingamizi lipo: picha nzima pia hufifia mwishoni mwa onyesho, nako huko ni kufifia kwa wakati, si kwa nafasi. Ndiyo maana neno "ukingo" halifai kuachwa hata pale linapoonekana kurefusha istilahi.

Tofauti hii inamgusa mhakiki pia. Tinga Tinga Tales, iliyohuishwa Nairobi na kuanza kuonyeshwa 2010, ilijengwa juu ya mtindo wa Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), wa rangi za mafuta zing'aazo na wanyama wenye mipaka dhahiri. Mhuishaji adhaniaye kuwa ulaini ndio uzuri, akafifisha kila ukingo, angemharibu chui wa Tingatinga, ingawa moshi ulio nyuma yake ungemshukuru. Aambiwaye "tia unyoya" huliona tendo kuwa pambo. Aambiwaye "fifisha ukingo" hulazimika kuuliza ni ukingo upi, na kwa upana gani.