Barsati Ikikatwa Inageuka Kaniki

Mwaka 1861 msafara wa wapelelezi Speke na Grant ulikwama Busubi, nchi ambayo leo imo Biharamulo na Ngara, mkoani Kagera, kwa sababu ya hongo. Mtawala Suwarora hakuachia njia mpaka apewe waya, shanga na nguo. Kwenye njia hizo za bara zilipita kaniki, pamba ya buluu isiyo na mlia, na barsati kutoka India. Burton, mpelelezi aliyewatangulia, aliieleza barsati kwa maneno machache: pamba ya buluu, yenye mlia mpana mwekundu unaochukua robo ya upana. Maelezo hayo yanatosha kuitambua barsati katika ghala la makumbusho, ilimradi iwe nzima.

Ilimradi. Mwaka 1866 John Forbes Watson wa Jumba la Makumbusho la India, London, alitoa mkusanyo wa sampuli za nguo za India: majuzuu 18 yenye vipande 700, seti 20. Seti 13 zilibaki Uingereza, 7 zikapelekwa India. Nia ilikuwa ya kibiashara, viwanda vya Uingereza viige. Kwa uandishi wa kumbukumbu, kazi yake ni ya kupigiwa mfano: kila kipande na namba yake, urefu na upana wa nguo iliyotoka, uzito, mahali ilikofumwa, na zaidi ya yote, matumizi yake, kama ni kilemba, shuka au sari. Makumbusho mengi ya leo hayafiki hapo; kadi inasema "kitambaa, India", basi.

Lakini alitumia mkasi. Kata barsati upande wa buluu, nawe umepata kipande ambacho hata mjuzi ataweza kukiita kaniki. Utambulisho wa nguo hizi umo kwenye pindo, ncha na mpangilio wa milia, si kwenye uzi peke yake.

Kwa hiyo nguo inayoingia makumbusho hutandazwa nzima mezani, ikapigwa picha pande zote mbili pamoja na rula. Hesabu nyuzi za mtande na mshindio katika sentimita moja kwa kioo cha kukuzia. Kagua ncha: mihuri ya viwanda na wafanyabiashara hupigwa hapo, na maji huifuta. Ndiyo maana nasisitiza usifue kabla ya kuandika, na kwa nguo ya nili usifue kabisa bila mtaalamu, maana huchuja. Namba huandikwa kwenye utepe wa pamba, ukashonwa pembeni kwa nyuzi mbili tatu. Wino juu ya nguo yenyewe ni uharibifu.

Kuhifadhi kuna sheria chache. Viringisha kwenye bomba lililofunikwa karatasi isiyo na asidi, kisha funga kwa pamba nyeupe iliyofuliwa, kama merikani. Merikani, mshindani wa zamani wa nguo za India, leo inazilinda. Mwanga usizidi luksi 50. Kagera ina mvua za misimu miwili, hivyo adui mkuu ni ukungu: unyevu wa hewa ubaki chini ya asilimia 65, rafu ziwe mbali na ukuta. Nguo iliyoingia na wadudu hutiwa mfukoni, hewa ikatolewa, ikakaa kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Ikitoka, mfuko haufunguliwi hadi kesho yake, la sivyo umande utajikusanya juu ya nguo.