Kasi ya Wimbo

Mtanzania aliyesoma shule ya msingi miaka ya 1970 hakuhitaji kocha ili ajue mbio ndefu. Alizikuta alfajiri, kabla ya kengele ya darasani, peku katika mstari, mmoja akianzisha wimbo na wengine wakiitikia. Mchakamchaka ulikuwa wa lazima, na wengi waliuchukia kwa sababu hiyo. Watoto wale sasa wana miaka 60 hivi. Wapo waliourudia kwa hiari, wakiwa na raba miguuni na fulana za klabu.

Wimbo ule ulikuwa na ufundi ndani yake. Anayeitikia huku anakimbia hawezi kuzidisha kasi, maana pumzi haitoshi kwa kazi zote mbili. Wataalamu wa mazoezi nao hupima hivyohivyo: ukiweza kusema sentensi nzima bila kutweta, moyo unafanya kazi ya wastani, ukibaki na neno mojamoja, punguza mwendo. Saa ya kuhesabu mapigo ya moyo ni nzuri, lakini kiitikio ni cha bure na hakiishiwi chaji.

Kwa mzee, kipimo hicho ndicho kila kitu. Baada ya umri wa miaka 30, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 10 kila miaka 10 kwa asiyefanya mazoezi, na polepole zaidi kwa anayefanya. Misuli hupungua, kano hukakamaa, uchovu wa siku moja hudai siku mbili za kupoa. Kwa hiyo anayeijua kazi hii huenda taratibu siku nyingi, huongeza kasi siku chache, na siku nyingine hupumzika bila kuona haya. Hilo la mwisho ndilo gumu kwa mtu aliyelelewa na jembe.

Ed Whitlock wa Kanada alijifua kwa saa nyingi za mwendo wa taratibu akizunguka makaburini karibu na nyumbani kwake. Mwaka 2004, akiwa na miaka 73, alimaliza marathoni ya Toronto kwa saa 2:54:48. Kwetu, mzee akionekana anakimbia makaburini alfajiri, angeitiwa mganga kabla ya daktari.

Kusini mwa Tanzania kuna masharti yake. Masasi iko chini, kati ya vilima vya mawe kama Mtandi. Newala iko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, ambako Shimo la Mungu linatazama bonde la Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Njia za kichanga hulipunguzia goti kishindo, ila huutesa ukano wa kisigino. Kupanda humaliza pumzi, lakini kushuka ndiko kunakoumiza misuli ya mapaja, na maumivu huja kesho yake. Mzee mwerevu hushuka akitembea. Tena hunywa maji kabla ya kiu, kwa sababu kiu nayo huzeeka.

Maji yenyewe yana historia hapa. Juu ya uwanda hakuna mito, na kabla ya mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950, wanawake waliteremka magenge kuyatafuta, wakapanda nayo kichwani. Anayesema Wamakonde hawana asili ya mbio ndefu aanze kwa kuwahesabu hao.

Medali zimekwenda kwa wengine. Mtanzania Suleiman Nyambui, aliyepata medali ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, alishinda marathoni ya Berlin mwaka 1987 na 1988, akiwa na miaka 34 na 35. Kasi ilipopungua, aliongeza umbali. Mkenya Edna Kiplagat alikuwa wa tatu Boston mwaka 2024 akiwa na miaka 44.

Hamasa, hata hivyo, haiji kwa medali. Asubuhi ya mvua ya Januari, anayekimbia peke yake hugeukia upande wa pili wa kitanda. Mwenye kundi anajua kuwa kesho ataulizwa, "Babu, mbona jana hatukukuona?"

Basi mwenye presha au sukari apimwe kwanza hospitalini, kisha ajiunge. Na vijana wa jogging wa Masasi na Newala wasiwaweke wazee pembeni kupiga makofi. Wawaachie waanzishe wimbo, maana mwanzishaji ndiye anayepanga kasi.