Ukitafuta Masoko utapata bei za mahindi: majina ya Rungwe na uzembe wa sayansi

Hebu fanya jaribio dogo kabla hujaendelea kusoma. Fungua simu yako, andika "Masoko", kisha tafuta. Kwa sehemu kubwa utakutana na bei za mahindi, idara za masoko na matangazo ya kazi za mauzo. Ongeza neno "ziwa" mbele yake na mambo yanakuwa nafuu kidogo. Utaona picha za wapenda matembezi, na ile simulizi maarufu ya mali ya Wajerumani iliyozamishwa majini wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia. Sasa andika "Massoko", kwa s mbili. Hapo unaingia ulimwengu mwingine kabisa: makala za vinasaba, za tope la kale, za mabadiliko ya hali ya hewa.

Ziwa ni lilelile. Liko kusini mwa Tukuyu, upana wake ni kama mita 700, na limekaa ndani ya kasoko ya volkano iliyolipuka miaka kama 50,000 iliyopita. Wapo pia wanaoliita Kisiba. Mwaka 2015 jarida la Science lilichapisha utafiti juu ya samaki wake wa jamii ya sikilidi. Watafiti walionyesha kwamba samaki hao wanagawanyika kuwa aina mbili, moja ya maji ya pembeni yenye mwanga na nyingine ya kina kirefu, na kwamba mgawanyiko huo ulianza kati ya miaka 500 na 1,000 tu iliyopita. Kwa saa ya mageuzi, hiyo ni juzi. Sehemu chache duniani zinakuwezesha kuona spishi ikianza kugawanyika karibu mbele ya macho yako, na mojawapo iko Rungwe.

Lakini mwanafunzi wa sekondari pale Tukuyu, ambaye anaweza kufika ziwani kwa bodaboda na kurudi siku hiyohiyo, akitafuta kwa jina analolijua haioni sayansi hiyo kirahisi. Herufi moja imemfungia mlango.

Watu wakiongelea majina ya kikoloni, mara nyingi wanaongelea hadhi na heshima. Ni mjadala halali, ila leo naomba tuuweke pembeni. Ninacholalamikia hapa ni kazi mbovu. Sayansi inayojivunia kupima kila kitu imekuwa ikichukua majina ya Rungwe kienyeji tu, bila kuandika yametoka kwa nani, lini, na kwa lugha ipi. Na gharama yake inalipwa na wenyeji pamoja na sayansi yenyewe.

Kisiwa kisicho na mtu

Kwanza tulinganishe na sehemu ambako kazi hii imefanywa vizuri. Kwenye Bahari ya Kusini, takriban kilomita 4,000 kusini-magharibi mwa Australia, kuna kisiwa kinaitwa Heard. Ni barafu, upepo na volkano hai. Kilele chake, Mawson Peak, kina mita 2,745, kwa hiyo ni kifupi kidogo kuliko Mlima Rungwe wetu unaokaribia mita 2,960. Kisiwa kimepewa jina la nahodha John Heard aliyekiona mwaka 1853, na kilele kimepewa jina la Douglas Mawson aliyefika kisiwani mwaka 1929. Hakuna mwenyeji hata mmoja.

Kwa sababu hakuna mwenyeji, majina yote yametoka kwa wageni, na ilikuwa lazima yatoke kwao. Lakini angalia walivyoyatunza. Australia ina daftari rasmi la majina yake ya Antaktika na visiwa vya jirani, na kwa majina mengi utakuta maelezo ya nani alilitoa, mwaka gani, na kwa nini. Juu ya hilo, tangu miaka ya 1990 wanasayansi wa nchi mbalimbali wana orodha moja ya pamoja ya majina ya Antaktika. Kama mlima mmoja umepewa majina na Warusi, Waingereza na Waajentina, hawagombanii lipi lifutwe. Yote yanaingia, kila moja na nchi yake, pamoja na latitudo na longitudo.

Yaani jabali ambalo hakuna mtu analiita kwa jina lolote asubuhi akiamka lina kumbukumbu nzuri kuliko ziwa ambalo watu wamechota maji yake kwa vizazi. Hilo ndilo linaloniudhi.

Langenburg ni wapi?

Kama unadhani haya ni mambo ya herufi tu, subiri uone hili.

Wajerumani walijenga kituo kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa wakakiita Langenburg. Jina walilitoa kwa mwana wa mfalme wa Hohenlohe-Langenburg, kiongozi wa chama cha makoloni kule kwao. Baadaye, karibu na mwaka 1900, makao yakahamishiwa mlimani, na mji mpya ukaitwa Neu-Langenburg, yaani Langenburg Mpya. Ndiyo Tukuyu ya leo; Waingereza walipochukua nchi, jina la Tukuyu likarudi juu.

Sasa fikiria droo za makumbusho ya Ulaya. Ndani yake kuna wadudu, konokono na mimea iliyokusanywa miaka ile, na lebo iliyoandikwa "Langenburg" basi. Ni Langenburg ipi? Ya ziwani iko mita 500 hivi kutoka usawa wa bahari. Ya mlimani iko kwenye mita 1,500. Tofauti ni kama kilomita moja kwenda juu, na kwa kawaida ukipanda kilomita moja joto linapungua nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Ni tofauti ya mtu anayelima mpunga Kyela na mtu anayechuma chai Tukuyu.

Mtafiti wa leo anayetaka kujua kama mdudu fulani amepanda mlima kwa sababu dunia inapata joto anategemea lebo hizo. Akisoma vibaya, atatangaza kwamba mdudu amehama kilomita moja kwenda juu, kumbe mdudu hajasogea. Kilichohama ni ofisi ya mkuu wa wilaya.

Kinyume chake yupo mmisionari Adolf Stolz wa Kanisa la Moravian, aliyekusanya mimea mingi sana katika eneo hili kabla ya mwaka 1914. Jina lake limebaki kwenye jenasi ya okidi, Stolzia. Lakini kwenye lebo zake aliandika Kyimbila, na kwa tahajia hiyohiyo Kyimbila ipo mpaka leo, jirani na Tukuyu. Zaidi ya miaka 100 baadaye bado unaweza kwenda kusimama pale. Hakuwa na simu yenye setilaiti. Aliandika jina ambalo watu wa pale walikuwa wanalitumia, na hiyo peke yake ilitosha.

Masikio ya nani?

Turudi kwenye s mbili za Massoko. Katika Kijerumani, s moja ikikaa kati ya irabu inasomeka kama z. Mjerumani anayetaka msomaji wake aseme s ya kwelikweli anaandika ss. Kwa sababu hiyohiyo Ziwa Nyasa waliliandika Njassa, j ikiwa ndiyo y yetu. Kifaransa nacho kina kanuni hiyohiyo ya s. Kwa hiyo "Massoko" ni maelekezo ya matamshi kwa msomaji wa Ulaya. Ukiyaacha yalivyo ndani ya makala ya Kiingereza ya mwaka 2015, ambamo hata watafiti wa TAFIRI walishiriki, unakuwa umebeba maelekezo yasiyo na mtu wa kuelekezwa.

Lakini tusiwatwishe wageni mzigo wote. Kinyakyusa kina irabu saba, Kiswahili tano. Tukiandika jina la kule kwa herufi zetu, tayari kuna kitu kimedondoka. Kinyakyusa hakitenganishi l na r kama sisi, ndiyo maana maporomoko yaleyale utayakuta kama Kapologwe na kama Kaporogwe, na hakuna aliyekosea. Sauti ya z haimo katika Kinyakyusa, lakini ramani nyingi zinaandika Ziwa Ngozi. Wengine wanaandika Ngosi. Msomaji wa Kiswahili akiona "ngozi" mara moja anaanza kutunga hadithi ya ngozi ya mnyama. Na eneo lile la Uporoto lina Wasafwa pia, nao wana ulimi wao. Kuchagua s au z ni kuchagua tumsikilize nani, na makala nyingi zinachagua bila kusema kwamba zimechagua.

Majina yanayobeba taarifa

Kwa nini ung'ang'anie jina la mwenyeji? Kwa sababu mara nyingi jina linakuja na maarifa yake.

Chukua volkano ya Kyejo, ambayo utaikuta pia kama Kiejo na Kieyo. Lava yake ya mwisho inakadiriwa kutoka karibu na mwaka 1800, na makadirio hayo yanategemea masimulizi ya wenyeji. Yaani tarehe iliyoko kwenye vitabu vya jiolojia ilianzia midomoni mwa wazee. Ukienda kijijini na jina ambalo hakuna anayelitambua, utaondoka na mawe, masimulizi utayaacha palepale. Na Rungwe si eneo la kuacha taarifa. Mlima Rungwe wenyewe ulilipuka vibaya sana miaka kama 4,000 iliyopita, ukamwaga tabaka nene la mawe mepesi. Chini ya mashamba ya chai na ndizi kuna volkano zilizolala tu.

Mfano bora zaidi ni kipunji. Watafiti waliokuwa wakiongea na wanakijiji wanaoizunguka milima hii walilisikia jina la nyani ambaye hayumo kwenye kitabu chochote. Wangeweza kusema ni hekaya. Badala yake wakaenda kutafuta, na mwishoni mwa mwaka 2003 wakamwona. Timu nyingine ikamkuta Udzungwa mwaka 2004. Mwaka 2005 alitangazwa duniani, na mwaka 2006 Tim Davenport, Noah Mpunga na wenzao, wakitumia vinasaba vya kipunji mmoja aliyekufa kwenye mtego wa mkulima, walionyesha kwamba anastahili jenasi yake mwenyewe: Rungwecebus kipunji. Ilikuwa jenasi mpya ya kwanza ya nyani wa Afrika baada ya miaka 83. Jina la mlima na jina la mnyama, vyote vya Rungwe, na kila mtu duniani ameweza kuvitamka.

Cha kuchekesha ni kwamba msitu alimoonekana kwenye maandishi unaitwa Rungwe-Livingstone. Livingstone mwenyewe hakufika mwisho huo wa kaskazini wa ziwa.

Watajitetea hivi

Watafiti wana jibu, na si jibu baya. Watasema: tukibadilisha tahajia kila mara, makala za zamani na za sasa hazitaunganika. Aliyechimba tope la Massoko miaka ya 1990 atapotezana na anayesoma vinasaba vya Masoko leo. Ni kweli. Hata mimi sitaki Massoko ifutwe. Nani atakayezipata zile makala ikifutwa?

Wengine watasema: basi turudi kwenye jina halisi. Hapo nasita. Halisi la nani, Mnyakyusa, Msafwa, serikali? "Nyasa" tu ni neno la kawaida la ziwa ambalo mgeni alilichukua akadhani ni jina, na bado leo Tanzania inalishikilia huku jirani yetu akisema Ziwa Malawi, na mpaka wenyewe haujaisha kubishaniwa. Kusaka jina moja safi ni kuanzisha ugomvi mpya.

Hawa wote wawili wanadhani kazi ni kuchagua jina moja. Kazi ni kuyaunganisha, kama kule Antaktika. Mstari mmoja kwenye sehemu ya mbinu za utafiti unatosha: ziwa hili linaitwa Masoko kwa tahajia rasmi, Massoko katika maandishi ya awali, Kisiba kwa baadhi ya wenyeji, liko latitudo hii na longitudo hii, majina tumeyapata kwa watu wa kijiji fulani mwaka fulani. Maneno kama 40. Hakuna mhariri wa jarida atakayekukatalia.

Nakuomba hili hasa wewe unayeandika tasnifu sasa hivi, SUA, UDSM, MUST au popote. Kabla ya Sensa ya 2022 tulipita nchi nzima tukiweka majina ya barabara kwenye mfumo wa anwani za makazi. Kinachoingia kwenye kanzidata sasa ndicho watakachokikuta wajukuu, kama sisi tulivyoikuta Langenburg kwenye lebo. Ukifika mtoni, uliza unaitwaje. Muulize na mtu wa pili, ikiwezekana mzee. Waombe walitamke polepole, urekodi sauti. Kisha andika yote, hata yanayopingana, na uweke namba za GPS pembeni.

Na kama unaandika kuhusu lile ziwa la kusini mwa Tukuyu, tafadhali, weka s moja na s mbili zote kwenye muhtasari wako, na muhtasari wa Kiswahili uwepo pia. Yule mwanafunzi wa bodaboda anatafuta.